Habari za Wiki Iliyopita

Kericho, 12 Januari 2025

Kwa mwanangu Monicah,

Bwana asifiwe. Najua huko mliko mnasalimiana kwa Tumsifu Yesu Kristo, basi nimekuwekea zote mbili, uitikie unayoweza. Sisi huku hatujambo. Jua limewaka tangu Krismasi, chai imekauka ncha, na ng'ombe wa Wamuyu ameingia tena kwenye sukuma wiki yangu. Wamuyu, jirani yangu mwenye duka la vitabu karibu na stendi, alikuja kuomba msamaha akiwa na mkate. Mkate nimeupokea, msamaha bado naufikiria.

Baba yako ni mzima. Bado ndiye msimamizi wa wachumaji kule shambani, bado ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na bado hataji jina lako. Nikimwuliza kama amekuandikia, anasema ataandika. Amesema hivyo tangu Septemba ulipoingia unovisi, mwaka wa majaribio kwa masista Wakatoliki. Mimi dada yake namjua, akinyamaza hivyo huwa ameumia. Najua pia kwamba Agosti kila novisi huamua kama ataomba nadhiri au atarudi kwao, na uamuzi ni wako peke yako. Juu ya hilo sitasema neno.

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute kalamu. Sanduku la vitabu ulivyotoka navyo chuo kikuu uliniachia chini ya kitanda, na panya wamelijua. Nilipokuwa nikiwafukuza kikadondoka kitabu kimoja cha mifumo inayobadilika kadiri muda unavyokwenda. Nimefundisha hesabu darasa la saba miaka mingi, nikastaafu nikidhani nimeziona zote. Nikafungua ukurasa wa kwanza nione walichokuwa wanakufundisha. Kimeandika: chukua kalkuleta, andika namba yoyote, kisha bonyeza kitufe cha kosini tena na tena, utazame kinachotokea.

Nikabonyeza. Namba ikaenda 0.9998 ikakaa hapo kama ng'ombe aliyekataa kutembea. Nikaanza na namba nyingine, ikaenda hapo hapo! Nimejaribu tano, nimejaribu mia mbili, nimejaribu mwaka niliozaliwa. Zote zinaishia mahali pamoja. Nimecheka peke yangu mpaka Wamuyu akachungulia dirishani. Niambie, hii ni hesabu au ni mchezo wa watoto? Na kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?

Ni mimi shangazi yako,
Jerusa


Nyahururu, 2 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Milele amina, na tena amina kwa ile salamu nyingine. Nimefurahi mpaka Sista Nyambeki, mlezi wetu sisi manovisi, ameuliza kama nyumbani kuna harusi. Huku baridi ni ya kukata masikio. Niko salama, nakula vizuri, na nimepewa kazi ya kutunza sungura, ambao wanazaana kwa kasi inayostahili sura nzima ya kitabu kile.

Kwanza ujue barua zinavyokwenda. Simu tuliziacha mlangoni kwa mwaka mzima. Barua hugawiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mchana huo huo tunaruhusiwa kujibu. Kwa hiyo kila ninachosoma kwako kimeshalala, na kila unachosoma kwangu pia kimelala. Uvumilie.

Sasa, Shangazi, umefanya kosa tamu sana! Kalkuleta yako inahesabu pembe kwa digrii, kama mnavyofundisha darasa la saba. Kitabu kinataka radiani, kipimo kingine cha pembe. Tafuta kitufe cha kubadilisha, urudie. Sitakwambia utaona nini. Ninachokwambia ni kwamba haitakwenda moja kwa moja, kwa hiyo usiitupe.

Hapana, si mchezo wa watoto. Hesabu nyingi za shule zinauliza jibu ni ngapi. Hizi zinauliza: ukifuata kanuni ile ile bila kuacha, utaishia wapi? Unahitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni hali ya kitu ilivyo sasa, hata kama ni namba moja. Cha pili ni kanuni inayochukua hali ya leo na kukupa ya kesho. Halafu unakaa unatazama. Kuna mifumo inayotulia, kuna inayokwenda na kurudi, na kuna isiyotulia wala kurudia milele. Nilipoliona hilo mara ya kwanza darasani nilisimama bila kujua nimesimama.

Ukimaliza kosini, fanya hii. Chukua namba kati ya sifuri na moja, useme ni sehemu ya shamba iliyojaa majani. Izidishe kwa sehemu iliyobaki tupu. Jibu ulizidishe kwa 2.8. Jibu jipya ndilo shamba la mzunguko unaofuata, lirudishe mwanzo. Baadaye weka 3.2 mahali pa 2.8.

Baba msalimie. Sina zaidi kuhusu hilo.

Wako,
Monicah


Kericho, 16 Februari 2025

Monicah mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi. Huku mvua ya mawe ilitupiga Jumanne, imeacha chai kama imechanwa na kitana. Wamuyu anakusalimu. Nimenunua betri mbili kwake kwa ajili ya kazi yako hii, na ameanza kuniita profesa mbele ya wateja.

Nimebadilisha hiyo radiani. Mama yangu! Nilianza na nusu. Ikaruka 0.87, ikashuka 0.63, ikapanda 0.80, ikashuka 0.69. Nikasema imeharibika. Nikakumbuka umesema nisiitupe. Kila mara inaruka kidogo kuliko jana, inapita juu, inapita chini, mpaka imechoka ikatulia 0.739. Nikaanza na mwaka wangu wa kuzaliwa, ikatulia pale pale. Nilipiga kelele. Ile ya digrii ilifika bila jasho, lakini hii ilitafuta njia nikiitazama, na nimeipenda zaidi.

Halafu shamba lako. Kwa 2.8 lilitulia vizuri. Kwa 3.2 nikangoja litulie, likakataa! Mzunguko mmoja 0.51, mzunguko unaofuata 0.79, kisha 0.51, kisha 0.79. Ijumaa jua lilipotua nilifunga kitabu kwa heshima ya Sabato, lakini Jumamosi mchungaji alipokuwa akihubiri mimi nilikuwa nazidisha kichwani. Usimwambie mtu.

Na hapo kanisani nikamwona baba yako amekaa mbele, nikashtuka. Hii ya juu na chini ndiyo kazi yake! Ijumaa anatazama uzito wa majani ya kila kitalu. Kitalu kilicholeta kidogo anakinyang'anya wachumaji, anawapeleka kilicholeta mengi. Lakini kile kilileta kidogo kwa sababu kilikuwa kimetoka kuchumwa! Wakiondoka, majani yanakimbia, yanakomaa, yanakuwa magumu. Basi anawarudisha wote mbio, wanakisafisha, na Ijumaa inayofuata kimekuwa tena cha mwisho. Wiki moja trekta zinapanga foleni, wiki nyingine dereva amelalia usukani. Kila mtu anasema ni mvua. Mimi nasema si mvua. Niko sawa, au ni uzee?

Shangazi yako Jerusa,
profesa wa Wamuyu


Nyahururu, 2 Machi 2025

Shangazi,

Amani kwako na kwa wote. Sungura wamefika idadi ambayo Sista Nyambeki hataki kuitaja. Mimi ni mzima.

Si uzee! Uko sawa kabisa, na nimeisoma barua yako mara nyingi hata karatasi imelegea. Baba anarekebisha shamba la leo kwa habari za wiki iliyopita. Habari ikichelewa, na mkono unaorekebisha ukiwa mzito, kitu ambacho kingetulia chenyewe kinaanza kuyumba. Yeye anadhani anazima moto, kumbe anauwasha. Akingoja, au akihamisha wachumaji wachache tu badala ya wote, myumbo utapungua kama ile kosini yako. Mwambie. Lakini usimwambie kuwa mimi ndiye niliyesema, hatasikiliza.

Umeona jambo ambalo mimi nililisoma miaka minne na sikuliona nyumbani kwetu. Natamani ningekuwa nawe mezani, na karatasi, na chai ya maziwa.

Nikwambie kitu kimoja, Shangazi. Juma hili katika sala ya asubuhi nilijikuta nachora mistari ya ile 3.2 kichwani, na nikawa na furaha kuliko ninavyokuwa nikisali. Sijui hiyo ina maana gani. Sijui kama nimekosea mlango nilipokuja huku. Usijali, pengine ni usingizi tu.

Monicah


Kericho, 14 Machi 2025

Monicah,

Sisi wazima. Salamu baadaye.

Nilisema sitasema neno, sasa nasema. Rudi nyumbani. Furaha haidanganyi. Mungu amekupa kichwa hicho ukitumie, na chuo kina nafasi za shahada ya pili kila Septemba. Nimeanza kukipaka rangi chumba cha nyuma. Hakuna atakayekucheka, na atakayecheka atanikuta mlangoni.

Rudi, mwanangu.

Jerusa


Nyahururu, 6 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini mvua imeanza vizuri na hamjambo wote.

Barua yako nimeipata leo, na sikuweza kumaliza chakula. Ungejua! Ile shaka niliyokuandikia Machi ilidumu siku chache tu. Nilimweleza Sista Nyambeki, akaniambia furaha ya hesabu haipigani na sala, nisiitenganishe kwa nguvu. Nikatulia kabisa. Machi yote nimekuwa na amani. Leo nakusoma unalia kwa ajili ya jeraha lililokwisha kupona, na umelifungua upya.

Sasa nimekaa nawaza chumba cha nyuma, na dirisha lake linalotazama mistari ya chai. Nawaza kuandika tena ubaoni. Pengine wewe umeona nisichokiona. Pengine nirudi. Ndiyo, nadhani nitarudi. Mwambie Baba polepole.

Monicah


Kericho, 20 Aprili 2025

Monicah wangu!

Bwana asifiwe mara saba! Leo ni Pasaka yenu, mle vizuri. Mvua inanyesha kila alasiri na chai imekuwa kijani mpaka inaumiza macho.

Lazima nicheke. Wiki yote kabla ya barua yako kufika nilikuwa nimejuta, nikasema mimi nani nimtoe mtoto kwa Mungu. Nikamketisha baba yako, nikamwambia ajiandae, utakuwa sista, na asipokubali atakukosa. Alinisikiliza akitazama viatu vyake. Siku ya tatu akasema, "Sawa. Kama ni Mungu, mimi nitamshindaje?" Nikamshukuru Mungu, nikalala vizuri.

Kesho yake barua yako ikafika, kwamba unarudi. Nikakimbia hadi shambani na kandambili. Unajua alifanya nini? Jioni akaja kwangu amebeba godoro jipya begani, limefungwa na karatasi yake. Akaliweka katika chumba cha nyuma akaondoka. Hajataja jina lako, lakini, Monicah, ni godoro zuri.

Tunakungoja.

Shangazi Jerusa


Nyahururu, 4 Mei 2025

Shangazi,

Salamu kwako, kwa Wamuyu na kwa Baba.

Nimelia kwa sababu ya godoro. Nalisema wazi maana ni kweli.

Lakini keti kwanza. Mpaka kufikia Pasaka nilikuwa nimetulia tena, nimeona mahali pangu ni hapa. Niliimba katika mkesha na moyo wangu ulikuwa mzima. Nikangoja leo ili nikuandikie hivyo, na leo ndipo nasoma mmenitandikia kitanda. Nikaanza tena kusema basi nirudi. Nikachukua kalamu kukuandikia narudi. Kalamu ikasimama.

Nimechukua karatasi nikachora barua zetu zote. Juu nimeandika baki, chini nimeandika rudi. Yangu ya Machi, yako ya Machi, yangu ya Aprili, yako ya Aprili. Shangazi, tunayumba! Mimi nikishuka, habari inakufikia nimeshapanda, nawe unavuta kwa nguvu zako zote. Kuvuta kwako kunanifikia nimetulia, kunaniangusha. Nawe ukitulia, kuanguka kwangu kunakufikia. Hii ndiyo kazi ya Baba na vitalu vyake, neno kwa neno, na wasimamizi ni mimi na wewe, watu wawili tuliomcheka!

Nilianza kucheka peke yangu kwenye bustani. Kisha nikaogopa, kwa sababu Agosti inakuja, na kwa mwendo huu nitaomba nadhiri au nitarudi kutegemea barua gani imefika lini. Sitaki maisha yangu yaamuliwe na posta.

Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu. Kuanzia sasa usiniandikie lolote kuhusu kubaki au kurudi. Nami sitakuandikia. Tusivute. Niandikie hesabu, ng'ombe, mvua. Niachie miezi hii nione mwenyewe natulia wapi. Utanisamehe?

Wako daima,
Monicah


Kericho, 8 Juni 2025

Mpendwa Monicah,

Hatujambo. Ng'ombe wa Wamuyu amezaa ndama mwenye kiburi kama mama yake.

Nilikasirika wiki nzima. Nilisema mtoto niliyemlea mama yake alipotutoka ananiambia ninyamaze. Halafu nikachora barua zetu mimi mwenyewe, nikaziona. Unalosema ni kweli na linauma. Nimekubali. Hapa ndipo mwisho wa neno langu juu ya hilo.

Sasa hesabu! Nimefika kwenye namba 4, mahali pa ile 3.2 ya shamba. Nilianza kalkuleta yangu na 0.3, na ya duka la Wamuyu na 0.3001. Tukakaa kaunta tunabonyeza pamoja, yeye akisoma yake kwa sauti. Mwanzo zilikwenda kama mapacha. Zikaanza kutofautiana mkiani. Ghafla yangu iko juu mbinguni na yake iko shimoni! Wamuyu akasema, "Ai, Jerusa, umebonyeza vibaya." Tukarudia tangu mwanzo. Ikawa vile vile. Mteja mmoja aliyekuja kununua bahasha alikaa nasi mpaka akasahau bahasha. Kanuni ni ile ile, hakuna bahati nasibu ndani yake, na bado huwezi kusema itakuwa wapi kesho kutwa. Nimeshindwa kueleza ninavyojisikia. Nimekuwa mtoto, Monicah, katika umri huu.

Na baba yako. Nilimwambia asihamishe wachumaji wote, ahamishe wachache, na kitalu kilicholala akiache kwanza. Alinicheka. Lakini wakati huu wa majani mengi, trekta zilipozidiwa, alijaribu bila kuniambia. Nimejua kwa sababu foleni imefupika. Juzi alikuja jioni, akanywa chai kikombe cha kwanza na cha pili.

"Nani alikufundisha hii kitu?" akauliza.

Nikasema moyoni unisamehe, nikamwambia, "Ni Monicah."

Alikisukuma kikombe kando. Kisha akauliza, "Na huko wanamruhusu hesabu?"

Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Ingefaa wamruhusu." Akachukua kofia yake akaenda.

Shangazi yako


Nyahururu, 3 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu za baridi kali. Sungura wametulia: Sista Nyambeki ametenganisha madume, na huo ndio mwisho wa sura.

Julai sikuandika kwa makusudi, unisamehe. Yale ya kalkuleta mbili nimewasomea manovisi wenzangu mezani, na Esnah, anayelala kitanda cha pili kutoka changu, alitaka tuwapigie simu. Endelea sura ya tano, ile ya mishale. Chora mshale mdogo kila mahali kwenye karatasi, ukionyesha mfumo utakwenda wapi ukianzia hapo. Usihesabu kitu. Fuata mishale tu kwa kidole. Utaona mahali inapogawanyika, kama mvua juu ya vilima vya Londiani, tone hili likaenda Ziwa Victoria na jirani yake likaenda Baringo.

Nimesoma swali la Baba mara nyingi. Jibu ni ndiyo, wananiruhusu.

Hilo lingine, kama tulivyokubaliana, sisemi.

Monicah


Nyahururu, 7 Septemba 2025

Shangazi, na Baba kama utamsomea,

Sasa naweza kusema, maana nimeshaamua na hakuna barua iliyonisukuma. Nimeomba nadhiri za kwanza na nimekubaliwa. Itakuwa Jumamosi hii, tarehe kumi na tatu. Mwisho wa Juni niligundua kwamba siku nzima ilikuwa imepita bila kujiuliza, kisha wiki, na nilikuwa hapa hapa, na nilikuwa na furaha. Nilijaribu kujisukuma kidogo, nikawaza chuo, nikawaza chumba cha nyuma na godoro, nikarudi pale pale. Nina furaha, Shangazi! Na Januari nitaanza kufundisha hesabu wasichana wa kidato cha tatu katika shule ya shirika letu. Nitawaanzishia na kosini.

Najua ulitaka nirudi. Ulinyamaza kwa ajili yangu, na najua ilikugharimu nini. Sitalisahau.

Siku hiyo kila novisi huongozwa na mzazi mpaka mbele ya altare. Kadi za mwaliko ziliandikwa kwa wazazi wa manovisi wote, waliobaki na wanaorudi nyumbani, kwa hiyo tarehe mnaijua. Lakini ni siku ya Sabato, na Baba ni mzee wa kanisa, siwezi kumwomba. Nimemwomba Sista Nyambeki anishike mkono. Amekubali. Naomba tu msifikiri nimewahesabu kama watu wasionipenda. Naogopa ule mwendo wa kutoka mlangoni, hilo tu, halafu nitakuwa sawa.

Barua hii najua itafika mambo yakiwa yameshakwisha.

Monicah


Kericho, 11 Septemba 2025

Monicah mwanangu,

Bwana asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Barua yako ya mwezi huu haijafika. Kadi ya shirika ilifika, ina tarehe, haina jina lako wala la mtu. Kwa hiyo mimi ninayekuandikia sijui kama Jumamosi unavaa shela au unafunga sanduku. Nimetembea kutoka jikoni mpaka mlangoni mpaka miguu imevimba. Nisikufiche, nilitaka urudi, na bado nataka, na vilevile nataka usirudi kwa ajili yangu. Vyote viwili viko ndani yangu na sijui vinaenea vipi.

Jana nilimwambia baba yako tungoje barua, tujue kwanza. Alikuwa amevua viatu, anapasha miguu.

Akasema, "Jerusa, hii mambo ya kungoja barua mimi nimechoka nayo. Nikingoja barua, nitakuwa naenda na habari ya wiki iliyopita. Mtoto ako huko leo."

Nikamwambia, "Jumamosi ni Sabato, Opiyo. Na kanisa ni lao, si letu. Wazee watakuuliza."

Akasema, "Wataniuliza Jumapili."

Nikamwuliza ataenda kufanya nini kama hajui umeamua nini. Akanijibu bila haraka, kama mtu aliyeifikiria kwa muda mrefu, "Kama amevaa shela, nitampeleka mbele. Kama amefunga sanduku, nitabeba."

Nikaingia jikoni nikalia vizuri. Nilitaka niende naye, akakataa. Anasema akiniona nalia yeye pia atalia, na hajui kulia mbele ya watu.

Wachumaji amewaachia naibu wake, amemwambia asihamishe mtu. Anaondoka kesho Ijumaa alfajiri ili awe amefika kabla jua halijatua, asiianze Sabato akiwa njiani. Suti ni ile ya harusi yake na mama yako, nimeiachia kiunoni. Nitampa barua hii mkononi, na kwa kuwa namjua, haitoki mfukoni mpaka akuone. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, yuko mbele yako, na pengine hajasema kitu.

Mpe kiti, mwanangu. Ametoka mbali, na magoti yake unayajua.

Shangazi yako,
Jerusa